Mnada wa Savannah, Machi 1859: Uchambuzi wa Kisa cha Watumwa 436 wa Pierce Butler

Katika siku mbili za mvua, tarehe 2 na 3 Machi 1859, watu 429 waliuzwa kwa mnada katika uwanja wa mbio za farasi wa Ten Broeck, nje kidogo ya mji wa Savannah, jimbo la Georgia, Marekani. Orodha ya mnada ilikuwa na watu 436, lakini wachache hawakunadiwa kwa sababu ya maradhi. Fedha zilizopatikana zilikuwa dola 303,850. Aliyeuza ni Pierce Mease Butler, tajiri ambaye makazi yake hayakuwa Georgia bali Philadelphia, mji wa kaskazini katika jimbo ambalo lilianza kuufuta utumwa tangu mwaka 1780. Waliouzwa walikuwa wamezaliwa, kukua na kuzika wazee wao katika mashamba ya pamba na mpunga ya familia yake, kwenye visiwa vya mdomo wa mto Altamaha, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuuzwa hata mara moja. Vizazi vilivyotokana nao huziita siku hizo mbili Wakati wa Kilio.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama habari ya tajiri mmoja mbadhirifu aliyewaangamiza watu wake kwa sababu ya kamari. Masimulizi hayo si ya uongo, ila yanauacha nje ufunguo wa jambo lenyewe. Butler hakuvunja sheria yoyote ya Georgia. Kwa vipimo vya watu wa tabaka lake hakuhesabiwa kuwa katili. Alitoa hata sharti ambalo wenzake waliliona ni la huruma, kwamba mume, mke na watoto wao wadogo wauzwe pamoja. Ni sharti hilo hasa, na jinsi lilivyofanya kazi pale uwanjani, linaloonyesha jamii ya mashamba ya pamba ilivyojengwa kuliko kiboko au mnyororo unavyoweza kuonyesha, na ndilo ninalotaka kulichunguza kwa makini zaidi.

Mali ile ilianzishwa na babu yake, Meja Pierce Butler, mzaliwa wa Ireland aliyekuja Amerika kama ofisa wa jeshi la Uingereza, akaoa katika familia tajiri ya South Carolina, na mwaka 1787 akawa mmoja wa waliotia saini Katiba ya Marekani. Katika mkutano ule wa katiba ndiye aliyependekeza kifungu kilicholazimisha mtumwa aliyetorokea jimbo lingine arudishwe kwa bwana wake. Basi mtu aliyekuwa na mamia ya watumwa alikaa mezani na kuandika ulinzi wa mali yake ndani ya sheria mama ya taifa jipya. Alipofariki mwaka 1822, urithi ulielekezwa kwa wajukuu wake wa upande wa binti yake, ambao walilazimika kubadili jina la ukoo na kujiita Butler ndipo waupate. Pierce na ndugu yake John walikubali.

Mashamba yalikuwa mawili makuu. Butler Island, kisiwa cha tope karibu na mji mdogo wa Darien, kililimwa mpunga kwa kutumia maji ya mto yanayopanda na kushuka pamoja na bahari, yakizuiliwa kwa matuta na malango ambayo watumwa wenyewe waliyajenga. Shamba la pili, Hampton, lilikuwa kaskazini mwa kisiwa cha St. Simons na lilitoa pamba ya visiwani, yenye nyuzi ndefu na laini kama hariri, iliyopendwa na wafumaji wa vitambaa vya thamani huko Lancashire, Uingereza, na Ufaransa. Pamba hii inatofautiana na ile ya bara, yenye nyuzi fupi zinazong'ang'ania mbegu, ambayo mashine ya kuchambulia ya Eli Whitney ya mwaka 1793 ilifanya ilimike kwa faida kutoka Georgia hadi Texas. Meno ya mashine ya Whitney yangezikata nyuzi ndefu za visiwani, kwa hiyo pamba ya Hampton iliendelea kuchambuliwa kwa magurudumu ya mbao yaliyoisukuma mbegu nje polepole, kisha kuokotwa takataka kwa mikono, kazi ambayo mara nyingi iliwaangukia wanawake. Eka moja ilitoa pamba kidogo kuliko ya bara, lakini bei yake kwa ratili ilikuwa juu mara kadhaa.

Namna ya kugawa kazi nayo ilikuwa tofauti, na tofauti hiyo itakuwa na maana tutakapofika kwenye mnada. Katika pwani ya Georgia na South Carolina kila mtu alipimiwa ngwe yake ya siku, kwa kawaida robo eka kwa kazi ya jembe, na aliyeimaliza aliweza kwenda kwenye bustani yake, kuku wake, nyavu zake au ufundi wake. Katika mapengo hayo madogo ya muda watu wa Altamaha walijijengea maisha: walikuwako maseremala, wahunzi, mafundi wa mitumbwi na wakunga, walikuwa na lugha yao iliyochanganya Kiingereza na lugha za Afrika Magharibi na Angola, walikuwa na nyimbo za kupigia makasia na mazishi yao ya usiku. Kwenye visiwa vya jirani walikuwako hata Waislamu waliosoma. Bilali Muhammad wa kisiwa cha Sapelo aliacha maandishi kwa Kiarabu yanayohusu udhu na sala, na Salih Bilali, Mfulani kutoka Massina, katika nchi ya Mali ya leo, alikuwa nyapara mkuu katika mashamba ya familia ya Couper ya eneo hilohilo.

Nisieleweke kwamba ngwe ilikuwa hisani. Tunajua hali ya mashamba haya kwa undani usio wa kawaida kwa sababu Pierce Butler alimwoa mwaka 1834 mwigizaji mashuhuri wa Uingereza, Fanny Kemble, ambaye alikuwa anauchukia utumwa na ambaye alikaa Butler Island na St. Simons kuanzia Desemba 1838 hadi Aprili 1839, akiandika kila alichokiona. Alieleza kwamba watu walianza kazi alfajiri, wakala mlo wa kwanza saa sita mchana na wa pili jioni baada ya kazi. Alieleza ngazi za adhabu: nyapara, ambaye naye ni mtumwa, aliruhusiwa kupiga viboko 12, nyapara mkuu 36, na msimamizi Mzungu 50. Alimwandika Judy, mwanamke ambaye msimamizi wa zamani, Roswell King mdogo, alimwingilia kwa nguvu, akamchapa kwa kuwa alimpinga, kisha akampeleka kwenye kinamasi cha mbali kama adhabu ya ziada. Mtoto wa Judy aliyetokana na unyama huo alikuwa akiishi pale shambani kama mtumwa, naye hakuwa mtoto pekee wa namna hiyo.

Ukurasa wa Kemble ambao mimi hauniondoki ni ule wa wanawake waliokuja kumwomba jambo moja. Desturi ya shamba ilikuwa kumrudisha mzazi shambani wiki tatu baada ya kujifungua. Wanawake walikuja mmoja mmoja na kwa makundi kuomba waongezewe, wafikishe angalau mwezi. Kemble akaandika majina ya waliomjia na hesabu ya watoto wao. Fanny: watoto sita, wote wamekufa ila mmoja. Nanny: watatu, wawili wamekufa. Leah: sita, watatu wamekufa. Sophy: kumi, watano wamekufa. Msomaji aliyekulia katika jamii inayompa mzazi siku arobaini za kulindwa, kukandwa na kupikiwa uji, hahitaji kufafanuliwa ombi hilo. Lakini kwa upande wa uchumi ukurasa huu una jambo zaidi ya huzuni. Sheria ya Georgia, kama ya majimbo yote ya utumwa, ilisema mtoto hufuata hali ya mama. Kila uzazi ulikuwa nyongeza ya mali ya Butler, na baada ya uingizaji wa watumwa kutoka Afrika kupigwa marufuku mwaka 1808, uzazi ndio uliokuwa njia halali ya kuongeza idadi yao nchini. Mama akaachwa kati ya madai mawili ya mtu yuleyule: jembe lirudi shambani haraka, na tumbo lizae tena.

Kipindi hichohicho cha 1839 kuna tukio dogo ambalo ningeliita onyo la yaliyokuja kutokea miaka ishirini baadaye. Butler alimpa Roswell King, kama zawadi ya shukrani, kijana mmoja aliyeitwa Joe, ili amchukue Alabama, ambako King alikuwa na mashamba ya pamba. Joe alikuwa na mke, Psyche, na watoto wawili wadogo, ambao hawakuwa mali ya Butler bali ya msimamizi aliyekuwapo wakati huo. Joe alipoambiwa, alipiga kelele na kusema hatamwacha mkewe. Kemble alimsihi mumewe kwa machozi na hasira, na mwishowe zawadi ilifutwa na Butler akamnunua Psyche na watoto. Familia ikanusurika. Angalia hata hivyo kilichoiokoa: si haki, kwa maana ndoa ya watumwa haikuwa na nguvu yoyote mbele ya sheria, bali ni mke wa bwana kuwapo nyumbani siku ile na bwana kuwa na fedha ya kununua. Mwaka 1859 hakuwako mke, kwa sababu walitalikiana mwaka 1849, wala hakukuwa na fedha.

Madeni ya Butler yalitokana na kamari ya karata na ya hisa, na msukosuko wa fedha wa mwaka 1857 ukayakomaza. Mali yake ilikwisha kuwekwa chini ya wadhamini waliokuwa na jukumu la kuwalipa wadai. Nyumba yake ya Philadelphia iliuzwa, haikutosha. Wadhamini wakageukia Georgia, ambako watumwa wapatao 900 walikuwa ni mali ya pamoja ya Pierce na mirathi ya ndugu yake John, aliyefariki mwaka 1847. Watu waligawanywa mafungu mawili yenye thamani sawa, na fungu la Pierce ndilo lililopelekwa sokoni. Ardhi yenyewe haikuuzwa.

Hapa inafaa kusimama, kwa kuwa watu wengi huuliza kwa nini asiuze kisiwa. Jibu linaeleza uchumi mzima. Ardhi ya Hampton ilikuwa imechoka. Kemble alikwisha kuona magofu na mashamba yaliyorudi kuwa vichaka miaka ishirini kabla. Kisiwa hakihamishiki. Mtu alihamishika. Katika miaka ya 1850 bei ya pamba ilikuwa nzuri, ardhi mpya ya Alabama, Mississippi, Louisiana na Texas ilikuwa ikifunguliwa, na mtu mzima mwenye nguvu aliuzwa kwa bei ambayo haikuwahi kufikiwa kabla. Mtumwa ndiye aliyekuwa mali iliyogeuka fedha haraka kuliko zote, na kwa sababu hiyo ndiye aliyewekwa rehani benki, aliyekopewa, aliyegawanywa katika mirathi na aliyetolewa kama mahari. Mwaka 1860 Marekani ilikuwa na watumwa karibu milioni 4. Kiasi cha watu milioni moja walihamishwa kwa nguvu kutoka majimbo ya zamani kwenda kwenye pamba mpya katika miongo sita hivi kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861. Wengi wao hawakuuzwa kwa sababu bwana alikasirika. Waliuzwa kwa sababu bwana alikufa, alifilisika, alioza binti au alihamia magharibi.

Mnada ulikabidhiwa kwa Joseph Bryan, mfanyabiashara wa watumwa wa Savannah. Matangazo yalitolewa magazetini kwa wiki kadhaa, na hoteli za mji zikajaa wanunuzi kutoka majimbo ya jirani hadi Virginia na Louisiana. Watumwa walisafirishwa kwa reli na meli hadi Savannah, wakawekwa katika mabanda ya farasi uwanjani kwa siku kadhaa kabla ya mnada ili wakaguliwe. Wakaguzi waliwafungua midomo, wakawabana misuli, wakawatembeza kutazama kama wanachechemea. Masharti ya malipo yalikuwa theluthi moja taslimu, na iliyobaki kwa hati ya deni yenye riba, ilipwe kwa mafungu mawili ya kila mwaka, dhamana ikiwa ni watumwa wenyewe walionunuliwa. Maana yake, mtu aliyeuzwa ili kulipa deni la Butler alitoka uwanjani akiwa tayari ni rehani ya deni jipya la mnunuzi.

Mtu mmoja kati ya wanunuzi hakuwa mnunuzi. Mortimer Thomson, mwandishi wa gazeti la New York Tribune la Horace Greeley, alijipenyeza na orodha mkononi, akajifanya anataka kununua, na taarifa yake ikachapwa siku chache baadaye. Ndiye shahidi wetu mkuu wa siku zile mbili. Lazima isemwe kwamba alikuwa na upande wake: gazeti lilipinga utumwa, na yeye mwenyewe alizoea kuandika kwa kejeli iliyoungwa viungo. Kemble naye alichapisha shajara yake mwaka 1863 katikati ya vita, akiwa mtalaka wa mtu anayemwandika. Hata hivyo Thomson alinakili namba za orodha, umri na bei, mambo ambayo maelfu ya wasomaji wa Savannah wenyewe wangeweza kuyakanusha kama yangekuwa ya kubuni, na Kemble anawalaumu wanawake na wanaume wa tabaka lake kwa mambo ambayo wengi wao waliyakiri. Ninapowategemea, ninategemea zaidi walichohesabu kuliko walichohisi.

Thomson alimwona Elisha, namba 5 katika orodha, akimfuata bwana mmoja mwenye uso wa upole na kumsihi amnunue yeye, mkewe Molly na watoto wao wawili. Elisha alijisifu kuwa bado ana nguvu, akamwambia Molly aonyeshe mkono wake, akamwambia mwanawe atembee mbele ya bwana. Alijinadi mwenyewe kabla dalali hajamnadi, kwa sababu alichoweza kuchagua kilikuwa kimebaki kimoja tu, yaani sura ya mtu atakayemmiliki. Yule bwana alisikiliza, akaenda zake.

Alimwona pia Daphney, mke wa Primus aliyekuwa seremala wa shamba. Alipanda jukwaani na mtoto mchanga ndani ya shali, na wanunuzi wakalalamika kwamba wanafichwa bidhaa, wakidhani ana ugonjwa. Dalali akalazimika kueleza kwamba alijifungua tarehe 14 Februari, yaani wiki mbili na ushei tu zilizopita. Ikumbukwe kwamba hata zile wiki tatu ambazo wanawake wa mwaka 1839 walilia ziongezwe, Daphney hakuzimaliza. Familia hiyo ya watu wanne ilinunuliwa kwa dola 625 kwa kila kichwa, jumla dola 2,500: baba fundi, mama mzazi, Dido wa miaka mitatu na mchanga wa siku kumi na kitu, wote kwa bei moja. Ndivyo familia zilivyonadiwa, kwa wastani wa kichwa, na ndivyo mtoto anayenyonya alivyopata bei kwenye daftari sawa na ya baba yake.

Sasa tulitazame sharti la huruma. Jeffrey, namba 319, kijana wa miaka 23 aliyeandikwa kuwa mkulima bora wa pamba, aliuzwa kwa dola 1,310. Alipojua bwana wake mpya ni nani, alimwendea kofia mkononi akamwambia kwamba anampenda Dorcas, namba 278, na Dorcas anampenda, na walikuwa wameazimia kuoana. Akamwomba amnunue. Alipoona maneno ya mapenzi hayamwingii mtu, alibadili lugha: Dorcas ni mwanamke wa daraja la kwanza, mrefu, mwenye afya, mfanyakazi hodari wa mpunga, thamani yake inafika dola 1,200 bila shaka. Bwana alianza kuvutiwa. Kesho yake ikabainika kwamba Dorcas hauzwi peke yake, kwa kuwa yumo katika familia ya watu wanne, na familia hazigawanywi. Bwana wa Jeffrey hakutaka watu wanne. Dorcas akaenda na wengine, Jeffrey akaenda na bwana wake.

Kanuni iliyowekwa ili kutotenganisha watu ndiyo iliyowatenganisha. Haikuwa ajali. Familia, kwa maana ya orodha ya Bryan, ilikuwa mume, mke na watoto, kifurushi kinachouzika. Nje ya kifurushi hicho walibaki wachumba kama Jeffrey na Dorcas, ndugu waliokwisha kuoa, bibi na babu, shangazi, wajomba, wakunga waliowazalisha wote, wazee waliowafundisha kazi. Katika mashamba ambayo watu walikaa kwa vizazi vitatu bila kuuzwa, karibu kila mtu alikuwa ni nduguye mwingine kwa njia moja au nyingine. Huko kukaa pamoja kwa muda mrefu, ambako wenye shamba walijivunia kama ushahidi wa ubwana mwema, ndiko kulikoufanya mnada ukate mishipa mingi kuliko mnada wa watu waliokusanywa kutoka huku na huku. Tena mgawanyo wa mafungu mawili kati ya Pierce na mirathi ya John ulikwisha kuwatenga watu kabla hata ya kufika Savannah, na nusu iliyobaki Altamaha iliwaaga nusu iliyoondoka bila kuhesabiwa na mtu yeyote kuwa familia imevunjwa.

Mnada ulipokwisha, Butler alipita kati ya watu wake wa zamani akimpa kila mmoja dola moja, kwa sarafu nne mpya za senti 25. Ninaamini alidhani anafanya wema, na jamii yake ilimfundisha kudhani hivyo. Wema katika mfumo ule ulikuwa sifa ya bwana, si haki ya mtumwa, na kwa hiyo ulimalizika palipomalizika fedha za bwana.

Hatuwezi kufuatilia alikokwenda kila mmoja wao, lakini tunajua kazi iliyowangoja wengi waliochukuliwa bara. Kwenye pamba ya nyuzi fupi hakukuwa na ngwe. Watu walifanya kazi kwa kundi, kuanzia mapambazuko hadi giza, nyapara akiwa nyuma, na msimu wa kuchuma kila mmoja alipimiwa kapu lake jioni, upungufu ukilipwa kwa viboko. Aliyezoea kumaliza robo eka yake akaenda kuvua samaki alipoteza siku hiyohiyo ndugu zake, maji yake, bustani yake na saa zake. Hasara hii ya mwisho haikuandikwa popote kwenye bei.

Pamba hiyo ya bara ndiyo iliyounganisha uwanja wa Savannah na sehemu nyingi za dunia, pamoja na pwani yetu. Ilikuwa zaidi ya nusu ya thamani ya bidhaa zote ambazo Marekani iliuza nje katika miaka hiyo, na viwanda vya Uingereza viliitegemea kwa sehemu kubwa kabisa ya malighafi yao. Marobota mengine yalikwenda kwenye viwanda vya Massachusetts, yakafumwa kitambaa kizito kisichotiwa rangi, kikapakiwa na wafanyabiashara wa Salem na kuletwa Unguja, ambako chini ya mkataba wa 1833 kati ya Marekani na Seyyid Said kilibadilishwa kwa pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Merikani, kama kitambaa hicho kilivyoitwa, ilivaliwa Unguja na Bagamoyo, ikabebwa na wapagazi hadi Tabora na Ujiji kama fedha ya safari, na ikanunua, pamoja na mambo mengine, watu waliopelekwa kulima mikarafuu. Balozi wa kwanza wa Marekani Unguja, Richard Waters, aliyefika mwaka 1837, alitoka mjini Salem na aliuchukia utumwa, lakini biashara iliyomleta ilisimama juu ya pamba iliyochumwa na watumwa. Vita vya Marekani vilipozuka mwaka 1861 na bandari za kusini zikafungwa, merikani iliadimika sokoni Unguja na vitambaa vya Uingereza na India vikachukua nafasi yake. Kwa hiyo hakuna aliyekuwa nje ya kisa hiki kwa umbali tu, na ninasema hivyo nikijua kwamba mashamba yetu ya karafuu nayo yana orodha zake.

Jamii ya Savannah yenyewe iliuona mnada kama biashara kubwa iliyofanikiwa. Miezi mitatu na ushei kabla yake, mwishoni mwa Novemba 1858, jahazi liitwalo Wanderer lilikuwa limeteremsha kwa siri zaidi ya Waafrika 400 kutoka mdomo wa mto Kongo kwenye kisiwa cha Jekyll, jirani kabisa na St. Simons, kinyume cha sheria ya 1808. Aliyepanga shughuli hiyo, Charles Lamar wa Savannah, alitaka biashara ya kuvuka bahari irejeshwe wazi, akitumia hoja kwamba ikiwa ni halali kununua mtu Virginia basi ni halali pia kumnunua Afrika. Mahakama ya Savannah haikumtia hatiani kwa kosa hilo la kuingiza watumwa. Watu weupe wasio na watumwa, ambao walikuwa kiasi cha robo tatu ya familia nyeupe za kusini, hawakusimama upande mwingine. Wengi walihudumu katika doria za usiku, walikodi watumwa wakati wa mavuno, au walitumaini siku moja kununua wa kwao.

Malipo ya mwisho ya wanunuzi wa 1859 yalipaswa kufika Machi 1861. Mwezi uliofuata vita vikaanza. Desemba 1864 jeshi la kaskazini la Jenerali Sherman liliingia Savannah, na tarehe 16 Januari 1865, mjini humohumo, Sherman alitoa amri namba 15 iliyotenga visiwa vya pwani na mashamba ya mpunga yaliyoachwa, pamoja na ardhi ya Altamaha, yagawiwe familia zilizoachwa huru kwa vipande visivyozidi eka 40. Watu walianza kulima. Kabla ya mwaka kwisha Rais Andrew Johnson alikuwa ameamuru ardhi irudishwe kwa waliokuwa wenyewe. Mwaka 1866 Pierce Butler alirudi Georgia pamoja na binti yake Frances, akawakuta pale watu wake wa zamani, wakiwamo baadhi ya waliouzwa uwanjani Ten Broeck ambao walikuwa wamerejea kwa miguu yao wenyewe, na akaingia nao mkataba wa kulima kwa nusu ya mavuno. Alifariki mwaka uliofuata kwa homa.

Wengine waliendelea kutafutana. Kuanzia 1865 magazeti ya watu weusi, hasa Christian Recorder la Philadelphia, yalichapisha matangazo ya watu waliotafuta mama, kaka au watoto waliouzwa, na kila tangazo lilibidi litaje majina ya mabwana, madalali na miji ya mnada, kwa kuwa hakukuwa na anwani nyingine. Orodha ya Joseph Bryan, yenye majina bila ukoo, umri, kazi na namba, leo ni miongoni mwa nyaraka ambazo wazao wa watu wa Altamaha huanza nazo kufuatilia nasaba zao. Namba zinazofuatana zinawaonyesha nani alikuwa mke wa nani na mtoto wa nani. Uhusiano mwingine wote wanalazimika kuutafuta katika sajili za makanisa, katika hesabu ya watu ya mwaka 1870, ambayo kwa mara ya kwanza iliwaandika kwa majina kamili, na katika kumbukumbu za wazee waliobaki Darien na St. Simons.